Mwaloni iliwajua Wakongo kabla ya Arusha

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mnunuzi wa kayabo kutoka Kongo si mgeni. Sangara huyo wa chumvi alikuwa akivuka mpaka miaka mingi kabla Kongo haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, mwaka 2022. Ndiyo maana ile hoja kwamba kila nchi inayoongezwa ni soko jipya hainikolei. Soko tulikuwa nalo. Alichokosa mfanyabiashara ni uhakika wa mpakani: ushuru anaoujua kabla hajapakia mzigo. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lori liliacha kusubiri kivuko. Foleni ya makaratasi haiishi kwa daraja.

Somalia nayo ikawa mwanachama kamili Machi 2024, tukafika nane. Wengi hulalamikia wingi huo. Mimi sioni kosa kwenye hesabu yenyewe, maana Jumuiya ya 1967 ilikuwa na nchi tatu tu na ikafa 1977. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba marais huamua kwa kauli moja, hivyo kila kiti kipya huja na uwezo wa kukwamisha wengine wote. Halafu kuna michango ya wanachama. Sudan Kusini, iliyoingia 2016, imedaiwa malimbikizo kwa miaka, na si yenyewe peke yake. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa 2013, wakati wanachama wakiwa watano, na bado shilingi ya Uganda unaibadilisha ukishuka Mwanza. Kama watano walishindwa kukimbia, wanane watakimbiaje?

Hoja kwamba kuipokea Kongo ni kuingiza vita ndani ya Jumuiya ni nzito zaidi. Waasi wa M23 walipoiteka Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, Kongo na Rwanda, wote wanachama, walikuwa wakishutumiana hadharani. Lakini Kongo ingebaki nje, wakimbizi wasingevuka Tanganyika kuja Kigoma? Wamekuwa wakija tangu miaka ya 1990. Ikiwa ndani, angalau ipo mahakama ya Jumuiya pale Arusha, na Kongo imeipeleka Rwanda huko. Mahakama isiyo na polisi, ndiyo, ila ni zaidi ya tulichokuwa nacho.

Kwa hiyo waliomo wabaki. Anayefuata angoje mpaka wanane hawa walipe madeni yao, na mkataba ufanyiwe marekebisho ili mdaiwa sugu asipige kura ya kumpokea mwingine.