Besi Hula Umeme: Amplifaya ya Mfukoni au Ikwalaiza ya Simu?

Hedifoni ngumu kuendesha kama Sennheiser HD 600 au Beyerdynamic DT 990 Pro zikifika Unguja, mara nyingi ndani ya begi la mtu aliyetoka Dubai, huishia kuchomekwa kwenye simu. Hapo ubishi huanza. Wako wanaosema simu haiziwezi, kanunue amplifaya ya mfukoni yenye swichi ya besi. Wengine wanaona huko ni kutupa pesa: adapta ndogo ya Type-C, ile ya kuchomekea hedifoni kwenye tundu la chaji, na ikwalaiza ya bure, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu, vinatosha. Kila upande una hoja, ila wote wanachanganya vitu viwili: ukubwa wa sauti na wingi wa besi.

Bila hesabu ubishi huu hauishi. HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na ikipewa volti 1 hutoa desibeli 97. Tundu la hedifoni la simu nyingi hutoa kati ya volti 0.5 na 1. Adapta ya Type-C ya Apple iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutoa volti 1 hivi. Ya Ulaya ni nusu yake. Kwa volti 1, vilele vya muziki vitafika desibeli 97. Rekodi ya taarab asilia, ambamo fidla na ala ya kanuni hupanda na kushuka, wastani wake huwa chini ya vilele kwa desibeli 15 hivi, kwa hiyo utasikia kama 82. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, basi hiyo 82 si ndogo hata kidogo. Anayesema simu haiziwezi HD 600 kabisa ametia chumvi.

Isipokuwa kwa mtego mmoja. Adapta hiyo ya Apple ikichomekwa kwenye Android, mara nyingi sauti yake ya ndani hubaki chini hata ukijaza sauti ya simu, na mtu hulaumu hedifoni. Programu inayozungumza na adapta moja kwa moja, mfano USB Audio Player PRO, huondoa tatizo. Ukiona adapta inanong'ona, anza hapo kabla ya kwenda Darajani kutafuta nyingine.

Sasa njoo kwenye besi. Chukua sanduku la kidumbak, lile besi la waya mmoja: uzito wake unakaa chini kabisa, mahali ambapo HD 600 huanza kuzama. Amplifaya isiyo na swichi ya besi haitibu hilo. Inapandisha kila kitu sawasawa, fidla na sanduku pamoja, na ukilinganisha vizuri kwa sauti ileile, mwinamo wa hedifoni umebaki vilevile. Dawa ni ikwalaiza: pandisha kila kilicho chini ya hezi 105 kwa desibeli 6, Q (ukali wa mpindo) ya 0.7. Katika hili watu wa ikwalaiza wameshinda.

Lakini ushindi huo una bei. Ukiongeza desibeli 6 bila kushusha kiwango cha kuingilia kwa desibeli 6 zilezile, ishara ya kidijitali hugonga dari, na besi inakatika kwa mlio wa kukwaruza. Ukishusha, ile 82 inakuwa 76. Kila desibeli 6 ni volti mara mbili na nguvu mara nne. Besi hula umeme kuliko kitu kingine chochote katika muziki. Kwa hiyo anayesema ikwalaiza inatosha ndiye hasa anayehitaji nguvu zaidi, na anayesikiliza bila kugusa chochote ndiye anayeweza kukaa na simu yake kwa amani. Adapta ya volti 2 humrudishia zile desibeli 6. Ya volti 4 humpa akiba ya 6 nyingine.

DT 990 Pro ya omu 250 ni rahisi kidogo kuendesha: desibeli 96 kwa miliwati 1, na ili vilele vifike 110 inataka miliwati 25, sawa na volti 2.5. Tofauti kubwa iko kwenye hedifoni za planar, zinazotumia utando bapa badala ya koni. HiFiMan HE-6 ina omu 50 na hutoa desibeli 83.5 tu kwa miliwati 1. Kwa vilele vya 110 inadai karibu miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampia 95. Moja inataka volti, nyingine inataka mkondo, na kifaa kinachoiendesha HD 600 kwa raha kinaweza kuishiwa pumzi hapa.

Kuna njia ya tatu, nayo mafundi redio wa Zanzibar wanaiweza: CMoy, amplifaya ya kujiundia kwa sakiti ya Chu Moy ya mwishoni mwa miaka ya 1990, inayoenea ndani ya kopo la peremende. Chipu ya OPA2134, betri ya volti 9, rezista na kapasita chache. Swichi ya besi ni rahisi. Kwenye njia ya marejesho (feedback) weka rezista ya 1k, yaani omu 1,000, kwenda ardhini, 4.7k kutoka kwenye matokeo, kisha ongeza 4.7k nyingine kwa mfululizo, na sambamba nayo kapasita ya maikrofaradi 0.33. Sauti za juu zitakuzwa mara 5.7, za chini mara 10.4. Nyongeza ni desibeli 5 hivi, inaanza kuinuka karibu na hezi 190 na kukaribia ukamilifu chini ya 100. Swichi yenyewe hufunga njia fupi juu ya kapasita, na hapo nyongeza ya besi huzimika. Tumia kapasita za filamu, mbili zinazolingana, ukiweka 0.22 upande mmoja, besi italemea sikio moja.

Tatizo ni betri. Volti 9 zikigawanywa katikati, chipu hiyo hutoa takriban volti 2 tu kabla ya kukata, na betri ikishuka hadi 7 unabaki na 1.4 hivi. Simu ikileta volti 0.5 na besi ikakuzwa mara 10.4, unadai zaidi ya 5. Itakatika kabla hujazungusha sauti hadi nusu, na kitakachopasuka kwanza ni besi uliyoitafuta. Tia betri mbili kwa mfululizo, ardhi ikitoka katikati yake, nawe utapata volti 5 hivi, za kuitosha HD 600. Usiibebeshe HE-6: chipu hiyo huishia karibu miliampia 40. Na betri za kuchajiwa zilizoandikwa 9V mara nyingi ni 8.4 au 7.2, hapa upungufu huo unasikika.

Faida ya betri za kubadilisha haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Unguja. Njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Betri ya alkalini huendesha CMoy kwa saa nyingi na hubadilishwa papo hapo, wakati amplifaya za kisasa zenye betri ya ndani zinasubiri chaja.

Usiibane amplifaya mgongoni mwa simu inayotumia 2G. Ule mlio wa trrr trrr ni mawimbi ya simu, na ukizitenga kwa shubiri moja hupungua sana. Usiwashe besi kwenye simu na kwenye amplifaya kwa pamoja.

Mahali pia pana kauli. HD 600 na DT 990 ni za wazi nyuma. Kwenye boti ya kwenda Pemba mngurumo wa injini hufunika besi, na kila unachoongeza kinakwenda kupambana na injini. Hapo ni hedifoni zilizofungwa, kama DT 770 Pro. Na zile santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 ziache zilivyo, kwani besi nzito haimo ndani yake, na swichi itakuletea mngurumo wa santuri tu.

Kabla ya kununua chochote, zibonyeze hedifoni taratibu kichwani kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, hewa inavuja pembeni. Mito yenye ngozi bandia hubanduka kwa jasho na unyevu wa pwani, na mkono wa miwani nao hufungua mwanya. Jozi mpya ya mito mara nyingi ni nafuu kuliko amplifaya ya dukani.