Nimerudishwa tena na paracetamol

Wiki hii nimempeleka mwanangu kwa daktari wa familia hapa Rotterdam. Sikio linamuuma, homa ipo, usiku kucha hatukulala. Daktari akachungulia kwa kile kitochi chake, akakubali kabisa: sikio la kati limevimba na ni jekundu. Mimi tayari mkono uko mkobani natafuta kadi ya bima nipitie famasi. Akasema paracetamol, na kama siku tatu zikipita bila nafuu, turudi. Hapa mgonjwa hupewa dakika kumi, na zetu hata hazikuisha.

Aliyewahi kuishi Uholanzi anaujua wimbo huu. Wageni wote tunataniana nao: mguu ukikatika, paracetamol, mume akikukimbia, paracetamol.

Nikampigia mama, Makorora kule Tanga, kumpa hali ya mjukuu. "Kwani huko hawana dawa?" Halafu akashusha sauti, kana kwamba Waholanzi wanasikia: "Mpe azithro mwanangu, siku tatu tu, sikio kwisha." Azithro, yaani azithromaisini, ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Mama hajasomea famasi wala uuguzi, lakini dozi yake anaijua kama anavyoijua bei ya nazi.

Najua mnachotaka kusema. Huyu keshakuwa Mzungu, kakaa Ulaya miaka michache anatuona washamba. Subirini. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la dawa la shangazi, Ngamiani, Tanga hiyo hiyo, na hayo ninayoyasema nimeyaona kwa macho. Mteja haji na jina la ugonjwa, anakuja na hela. "Nipe amoksi za elfu." "Nipe zile za rangi mbili, za jino." Shangazi anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi yake, na kila ukikata, nusu ya jina la dawa inabaki dukani na tarehe ya kuisha inaondoka na mteja mwingine. Ukikataa kumuuzia, anavuka barabara, duka la pili halina maswali. Na watoto wa shangazi wanasoma kwa mauzo hayo hayo. Kwa hiyo simcheki mtu.

Kinachonikereketa ni kingine. Miaka yote nilidhani huku kwa wenye pesa watakuwa na dawa kali kuliko zetu. Kumbe wao ndio wanaotumia dawa za kizee. Sikio la mtoto likikataa kupoa, watampa amoksilini, ile ile ya mkasi wa shangazi, ila kwa kipimo cha uzito wa mtoto na kwa siku zote. Mtoto wa chini ya miezi sita wanampa papo hapo bila kusubiri. Koo lenye bakteria wanatibu kwa penisilini ya vidonge, ukoo wa dawa iliyogunduliwa 1928, kwa sababu yule streptokoka, bakteria wa koo, mpaka leo hajawahi kuishinda penisilini. Jipu wanapasua usaha utoke, na ngozi ikiwa imevimba na kusambaa wanatoa flukloksasilini, ndugu wa ile kloksasilini tunayoijua, kwa kuwa stafilokoka, bakteria wa ngozi, wengi wao wanaivunja amoksilini ya peke yake kabla haijafanya kazi. Yaani kila mdudu na fimbo yake, na wanaanza na fimbo ndogo inayotosha, ili wadudu wasiizoee ile kubwa wakawa sugu.

Sasa njoo kwenye mkojo, maana hapo ndipo Watanzania wote tumepita. Nani kati yetu hajaambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo? Ukiumwa kichwa, UTI. Kiuno, UTI. Ukienda na homa, unatoka na UTI na taifodi kwa pamoja, ile taifodi ya Widal, kipimo cha damu ambacho kinaweza kusema ndiyo kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa, au ya taifodi uliyougua zamani. Unapewa sipro, antibiotiki nyingine, na Flagyl juu yake. Flagyl kwenye mkojo inatafuta nini? E. koli, bakteria wa utumbo ambaye ndiye mwenye makosa kwenye mikojo mingi, Flagyl haimgusi kabisa. Ukimaliza bila kupona unakuta mtandaoni tangazo la mitishamba ya "UTI sugu", namba ya simu hiyo hapo, mzigo unatumiwa mkoa wowote.

Huku mwaka jana nilipata yangu. Nikapeleka mkojo kwenye kikopo asubuhi, wakachovya kijiti, wakaniuliza kama nina homa au maumivu ubavuni. Sina. Wakanipa nitrofurantoini, antibiotiki ya mkojo, siku tano. Dawa hii inatumika tangu 1953. Uzuri wake ni kwamba inakusanyika kwenye mkojo na haifanyi kazi kubwa kwingineko mwilini, kwa hiyo kwa kibofu inafaa na bakteria wanaoishi tumboni kwa kawaida haiwasumbui sana. Ubaya wake ni huo huo: maambukizi yakishapanda kwenye figo, nitrofurantoini haisaidii, ndiyo maana wakauliza habari ya ubavu. Swali moja ndilo lililochagua dawa. Hapakuwa na mashine yoyote ya ajabu.

Hapo najua kuna mtu ameshaandika: "Dada, wewe una bima na maabara, sisi tunalipa kuotesha mkojo maabara ili mdudu ajulikane, majibu siku tatu, nani atasubiri na maumivu?" Kweli kabisa, na wala sikatai. Ila hata mimi huo mkojo haukuoteshwa. Na bima ya huku msiisifu sana: ni ya lazima, unalipa kila mwezi, na bado euro 385 za mwanzo wa mwaka zinatoka mfukoni mwako, dawa na maabara zikiwemo. Kumwona daktari wa familia ndiko hakuhesabiwi. Labda ndiyo maana ananifukuza kwa furaha vile.

Mwingine atasema mwongozo wa Ulaya si wetu. Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu kwa koo ana haki. Daktari wa huku anaweza kuliacha koo lipoe lenyewe kwa sababu homa ya rumatiki imeshakuwa nadra kwao. Kwetu bado ipo, inaharibu vali za moyo za watoto, na koo la streptokoka ndilo chanzo. Koo hilo Tanga si la kuchezea. Na mtoto mwenye homa kali kijijini Handeni huwezi kumwambia mama yake arudi baada ya siku tatu wakati nauli ya leo kakopa. Ila dawa ya koo hilo bado ni penisilini au amoksilini. Azithro imetoka wapi?

Na msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibiotiki makundi matatu: za kutumia kwanza, za kuangalia, na za akiba. Amoksilini na nitrofurantoini ziko kundi la kwanza. Azithro, sipro na ile sindano ya seftriaksoni mnayoiomba kwa jina ziko la pili. Mwongozo wa matibabu wa Wizara yetu ya Afya wa 2021 unayafuata makundi hayo hayo. Umeandikwa na Watanzania, madaktari wetu wanaujua. Mgonjwa ndiye anayenuna akipewa "amoksi tu", anasema hospitali ile haina dawa.

Wala sijawageuza Waholanzi malaika. Ukilazwa hospitali hapa wanakuuliza kama hivi karibuni umelazwa nje ya nchi. Ukisema ndiyo wanakuingiza kijiti puani kutafuta wadudu sugu, wasiosikia dawa, na wanakutenga mpaka majibu yatoke. Kwenye orodha ile ile ya kuogopwa kuna nani? Wafugaji wa nguruwe wa hapa hapa. Mimi, binti wa Makorora, fungu moja na wafuga nguruwe! Ikabidi nicheke. Mifugo yao walikuwa wakiimwagia antibiotiki kwelikweli, mpaka wakaja kushtuka na kupunguza kwa zaidi ya nusu tangu 2009. Kwa hiyo adabu hii nao hawakuzaliwa nayo.

Mtoto? Keshaanza kupiga mpira sebuleni. Hilo halithibitishi chochote, masikio mengi hupoa yenyewe, na mama ameshaamua kuwa nilimpa azithro kimya kimya.

Na kwa wale wanaoniuliza kama nikishuka Desemba niwaletee hiyo nitrofurantoini: ya nini, wakati Ngamiani ipo? Mdogo wangu ameandikiwa hiyo hiyo majuzi, akaenda dukani na cheti mkononi. Muuzaji akasoma, akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Hii dhaifu dada yangu, nikupe sipro."