Baba Mkwe na Nati za Upande wa Dereva

Wabongo wengi hapa Lansing, Michigan, wakishapata vijisenti wananunua Toyota Highlander. Gari la maana, viti vya watoto vinaenea, na asubuhi ya baridi kali linawaka bila kubembelezwa. Mimi nilinunua Dodge Dart ya mwaka 1969 isiyo na sakafu. Mke wangu alipoiona inashushwa kwenye trela aliuliza, "Na lile gari lenyewe liko wapi?" Alidhani hili limeletwa la kunyofolea spea.

Ila hiyo si Dart hivi hivi, ni Swinger 340. Enzi zile watu wa Detroit walikuwa na mchezo wa kuchukua kigari chepesi na kukitwisha injini isiyo saizi yake. Changu kilipewa V8 ya inchi za ujazo 340, yaani lita tano na nusu na ushee, yenye nguvu za farasi 275 kwa hesabu ya kiwanda. Wajanja nao hawakosekani: mtu anachukua Dart ya kawaida iliyokuwa ikimpeleka bibi kanisani, anaizungushia ule mstari wa kwenye buti, anakuuzia kwa bei ya wazimu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela nilikagua namba ya chasisi. Alama ya tano ikiwa P, gari limezaliwa na 340. Ya saba ikiwa B, limeunganishwa Hamtramck, kwenye kile kiwanda kikongwe cha Dodge kilichofungwa mwaka 1980. P ilikuwepo. B ilikuwepo. Sakafu ndiyo haikuwepo, maana huku barabara zinamwagiwa chumvi kila theluji ikianguka, na chumvi ile inatafuna bati kuanzia chini, kimyakimya, mpaka siku unakanyaga breki unaona lami.

Mzee aliyeniuzia alikuwa mtu wa maneno machache. Alihesabu hela, akanikabidhi hati, akapanda gari lake, akashusha kioo. "Nati za tairi za upande wa dereva, uwe nazo makini." Akaondoka. Nikajua anazungumzia kutu.

Nilikuwa nimeng'oa viti, kapeti, dashibodi na usukani, tayari kuchomelea sakafu mpya, wakwe zangu walipofika kutoka Ilala kumwona mjukuu. Baba mkwe ni fundi mstaafu wa Gerezani. Peugeot 404 za wakati wake amezifungua mpaka zikaisha, na mpaka leo akitaja jina hilo anavua kofia. Begi lake la kilo 23 lilikuwa na kanzu moja, kandambili, na spana tupu. Wale wa usalama uwanja wa ndege walilifungua, wakalitazama, wakalifunga tena wenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Mjukuu alimwona jioni.

Sasa, wasiokuwa na wakwe huenda wasielewe hali yangu. Baba yako mzazi unaweza kubishana naye asubuhi na mkala pamoja mchana. Baba mkwe ukimwambia "hapana" mara moja tu, habari inafika Ilala kabla ya adhana ya alasiri, inapanda basi hadi kwa shangazi Morogoro, na miaka kumi baadaye, kwenye harusi ya mtu usiyemjua, unatambulishwa kama yule aliyembishia mzee. Kwa hiyo mimi nilikuwa na majibu mawili tu: "Ndiyo, Baba," na "Kweli kabisa, Baba."

Aliingia uvunguni, akatulia kidogo, akatoka na sura ya msiba. "Mwanangu, umeibiwa. Huku mbele springi hakuna hata moja."

Dart haina springi za mbele. Chrysler, kampuni mama ya Dodge, walikuwa wakitumia fito mbili ndefu za chuma zinazolala chini ya gari na kujisokota gurudumu likipanda na kushuka. Nilijaribu kueleza kwa mzunguko, kwa adabu, nikiikabidhi lawama Marekani yote. Alinisikiliza, akanipiga bega. "Ndivyo alivyokwambia huyo aliyekuuzia?"

Ndiyo, Baba.

Spana zake nazo zilikuwa na lao jambo, maana zote ni za milimita na gari ni la inchi. Ya 13 ilikuwa ikicheza kwenye nati za nusu inchi, ya 14 haikukubali kabisa kwenye 9/16. Kutwa nzima alinung'unika kwamba Wamarekani hawajui kupima. Moja tu ndiyo iliyokaa: wili spana ya 19, kwa kuwa robo tatu ya inchi ni milimita 19 na nukta kidogo. Ikaingia kwenye nati ya tairi taratibu, ikajaa. Uso wa mzee ukachanua. Laiti ingekataa.

"Kesho tunavua magurudumu," akatangaza.

Nikakumbuka usia wa muuzaji, nikaufikisha ulivyo: nati za upande wa dereva tuwe nazo makini.

Hapo naomba msomaji aikumbuke hali ya gari. Usukani ulikuwa juu ya shelfu. Kiti hakuna, pedeli hakuna, mbele mule ni matundu tu. Na baba mkwe ameendesha na kutengeneza magari ya Tanganyika na Tanzania maisha yake yote, ambako upande wa dereva ni mmoja tu, nao ni wa kulia.

Basi asubuhi alizihudumia nati za kulia kwa heshima zote. Alizinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu. Akazimwagia soda nyeusi, dawa ya Gerezani. Akazisubiri huku anakunywa chai. Kisha akapiga bismillahi, akaweka spana, na nati zote tano zikafunguka kwa mkono mmoja, laini, bila hata kulia.

"Hizi ndizo alizokuwa anaziogopa yule mzee?" Alicheka mpaka akakohoa. "Wazungu bwana! Twende huku kwingine, huku ni kumaliza tu."

Huku kwingine ndiko kushoto.

Nati ya kwanza haikutikisika. Aliinama kuitazama, akafuta ncha ya boliti kwa kidole gumba, na pale chini ya kutu ikaonekana herufi imegongwa kwenye chuma: L.

"Unaona hii?" akaniuliza.

Nikaona.

"Lena. Gari hili lilikuwa la shule ya udereva. Ndiyo maana limechoka."

Kweli kabisa, Baba.

Tukaongeza nguvu. Spana ilikuwa fupi, kwa hiyo ikahitajika bomba la kurefusha mkono wake. Bomba pekee lenye kipenyo kilichotosha lilikuwa mguu wa bembea ya watoto nyuma ya nyumba. Nililifungua nikijua fika nitalala sebuleni. Tukalichomeka. Sasa tuna mkono wa karibu mita mbili, na mzee akaupanda. Akasimama juu ya bomba, mkono mmoja kwenye paa la gari, akaanza kuruka taratibu. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mstaafu ambaye huwa ananisalimia kwa kichwa tu, akatoka barazani akawa anazungusha kidole hewani, anazungusha, anazungusha. Baba mkwe akampungia mkono. "Watu wa huku wana salamu nzuri," akasema, akaruka tena.

TAK!

Bomba likaenda chini, mzee akaenda nyuma. Mungu si Athumani: nyuma yake kulikuwa na kiti kirefu cha nyuma cha Dart nilichokiweka sakafuni, akatua pale, ameketi wima, mikono magotini, abiria kamili. Bado kidogo nimdai nauli. Nikakimbia kumshika.

"Umesikia?" akasema macho yakimwaka. "Imeachia!"

Nati ilikuwa imeanguka chini, ndani yake kuna kipande cha boliti kimebana, kimekatika shingoni kinang'aa. Aliinua, akaigeuzageuza, akairidhia. "Imetoka na mzizi wake. Hiyo ndiyo kazi safi."

Ya pili ikatoka na mzizi wake. Ya tatu ilihitaji turuke wawili, na hiyo nayo ikatoka na mzizi wake, na bomba la bembea likapinda. Mimi nilikuwa nimeanza kuingiwa na shaka. Nilikuwa na sentensi nzuri sana nimeitunga kichwani, inaanza na "Samahani sana Baba, hivi kwa mfano tuseme," ila kila nikifungua mdomo namwona shangazi wa Morogoro.

Mama mkwe alitoka na sinia la chai ya tangawizi na vitumbua. Akaweka sinia juu ya boneti, akatazama nati tatu chini, akamtazama mumewe aliyelowa jasho.

"Mnafunga au mnafungua?"

"Tunafungua," akajibu mzee bila kugeuka.

"Mbona mnafunga?"

Kimya. Mama mkwe amezaliwa Tanga, na marehemu baba yake alikuwa akikodisha baiskeli. Mtoto wa kike, lakini kabla hajavunja ungo alikuwa ameshabadilisha pedeli za Phoenix na Raleigh nyingi kuliko sisi wawili tulizopanda. Akainama, akaisoma ile L.

"Hii si L ya kushoto kwa Kizungu? Pedeli ya kushoto ya baiskeli hujui inafunguka kinyume? Mguu ukizungusha kwenda mbele, reli za kawaida za skrubu zingejifungua zenyewe, ukaanguka. Na hili gurudumu la kushoto si linazunguka hivyohivyo?"

Akafunga khanga vizuri kiunoni. Akachukua spana bila bomba. Akaisukuma upande ambao kwa asubuhi nzima hakuna mwanamume aliyeufikiria. Nati ya nne ikatoa mlio mmoja, kriii, ikalegea. Ya tano hata mlio haikutoa.

Ndivyo ilivyo kweli, nilikuja kusoma baadaye. Wahandisi wa Chrysler walishikilia imani kwamba kuzunguka kwa magurudumu ya kushoto kunaweza kulegeza nati za kawaida, kwa hiyo upande ule wakazichonga reli kinyume na kugonga L kwenye boliti kama tahadhari. Waliendelea hivyo mpaka magari ya mwaka 1970. Yangu ni ya 1969. Angekawia miaka miwili tu huyo fundi wa Hamtramck, bembea ingekuwa imesimama mpaka leo.

Baba mkwe alikunywa chai yake hadi chini. Akafuta midomo. "Zilikuwa zimeshalegea," akasema. "Nilishazilegeza mimi. Yeye amemalizia tu."

"Kweli kabisa, Baba," nikasema. Mama mkwe akanitazama kwa jicho ambalo lilinifanya nichukue kitumbua cha pili ili mdomo uwe na kazi.

Jirani alivuka barabara kuja kusaidia, akiwa na boksi la nati za kushoto alizokuwa amezihifadhi banda lake, maana kumbe naye aliwahi kuwa na Plymouth, ndugu yake Dodge, ya miaka hiyo. Boliti mpya tuliziagiza. Kuzing'oa vile vipisi ni shughuli nyingine, kwa sababu kwenye magari hayo shingo ya boliti imetanuliwa kiwandani ili ibane habu, yaani kitovu cha gurudumu, na dramu ya breki pamoja, na ukigonga kwa hasira unavivuruga vyote. Jirani aliikata ile shingo pole pole kwa mashine, mama mkwe akimwangalia bega kwa bega. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja, na walielewana kuliko mimi na yeyote pale. Jirani alishauri tuweke za kawaida pande zote, wengi ndivyo wanavyofanya siku hizi. Mama mkwe akakataa: gari lirudi lilivyozaliwa. Zikaenda zenye L. Nyumba ile hakukuwa tena na mjadala wa kiufundi bila yeye.

Wiki za mwisho kabla hawajarudi Dar, sakafu ilikuwa imekaa, viti vimerudi, usukani umerudi, na 340 ikiunguruma mtaa mzima unajua. Tukaenda kuweka tairi mpya. Kijana wa dukani, ambaye gari lilimzidi umri kwa miongo mitatu, akachukua bunduki yake ya hewa na kuanza kutembea kulizunguka.

Baba mkwe akamsimamisha kwa kiganja. "Mkwe, nitafsirie." Akanyoosha mgongo. Akamweleza kijana habari za Chrysler, za kuzunguka kwa magurudumu, za baiskeli, za hatari ya kutumia nguvu pasipo elimu, na jinsi yeye mwenyewe alivyolibaini jambo hilo kwa uzoefu wa Gerezani. Nilitafsiri yote. Kijana aliguswa kwelikweli. Akashusha bunduki, akaniomba nimuulize mzee, je, ni upande upi huo wa kuwa nao makini?

"Upande wa dereva," akasema baba mkwe, na akiwa ameweka mikono nyuma akatembea kwa madaha hadi upande wa kulia, akaupigapiga mlango.

Kijana akamfuata, akainama, akaelekeza bunduki.

Mama mkwe, ambaye tangu niliposhuka alikuwa ameshahamia kwenye kiti changu aonje ule usukani, akabonyeza honi.