Kama kijia kipo, panda kwa kijia

Waendesha baiskeli za milimani wakifika chini ya mlima wenye njia mbili, mabishano hayakawii kuanza. Wapo wanaotaka barabara: ni pana, haina mizizi, mtu anakanyaga pedali hadi juu huku anapiga soga na mwenzake. Wapo wanaotaka kijia kinachojipinda katikati ya miti, chenye mawe na kona za kukunja shingo. Mimi niko na hawa wa pili, na si kwamba napenda tabu. Naamini wengi wanaokimbilia barabara wamepiga hesabu nusu, na hesabu hiyo inawanyima sehemu tamu ya mchezo wenyewe.

Tuipige yote basi. Chukua mlima unaopanda mita 300 kutoka chini hadi juu. Barabara yenye mwinuko wa asilimia 6 itakufikisha huko kwa kilomita 5. Kijia chenye mwinuko wa asilimia 10 kitakufikisha kwa kilomita 3. Wewe na baiskeli yako mkiwa na kilo 90 kwa pamoja, kazi ya kuuinua uzito huo mita 300 ni kilojuli 265 hivi, upite huku au upite kule. Anayepanda barabarani kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa atatumia dakika 33. Anayepanda kijiani kwa kilomita 5 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu akiwa na haraka, atafika juu kwa karibu dakika hizo hizo.

Kijia kinachosha zaidi, sikatai. Udongo laini, majani na kokoto hula nguvu kuliko lami, na kila jiwe ambalo tairi linalipanda linakudai kitu. Ila sehemu kubwa ya jasho lako inakwenda kwenye kuinua uzito, na hiyo haikwepeki popote. Kinachowatisha watu ni kutazama kompyuta ya baiskeli na kuona namba 5 badala ya 9, wakadhani wanateseka mara mbili. Hawakumbuki kwamba kila mita ya kijia inawapandisha juu zaidi kuliko mita ya barabara.

Tofauti ya kweli ni jinsi nguvu inavyotoka. Barabarani inatoka kwa kipimo kimoja, dakika baada ya dakika. Kijiani inatoka kwa mafungu: hapa unasukuma kwa nguvu zote sekunde kumi upite ngazi ya mawe, pale njia inalala kidogo, mbele tena inasimama. Mapigo ya moyo yanapanda na kushuka. Mtu mwenye haraka hufika kwenye ile sehemu iliyolala akazidisha mwendo, eti afidie muda, kisha ngazi inayofuata inamkuta hana pumzi. Hapo ndipo vijia vinapopewa jina baya. Anayejua kupanda hupunguza mwendo palipo rahisi, anavuta pumzi mbili tatu za kina, anafika kwenye kikwazo akiwa na akiba.

Sasa niseme kwa nini nakipenda. Chukua kona moja tu, kona kali ya kushoto, na mzizi umekatiza upande wa ndani, umeng'aa kwa kupitiwa na matairi. Unaiona ukiwa mita kumi chini yake. Gia unaibadilisha hapo hapo, kabla hujafika, kwa sababu ukisubiri hadi miguu ikamie pedali, mnyororo utapiga kelele na huenda ukaruka meno. Tairi la mbele unalipeleka nje kabisa ya kona, karibu na ukingo, upate nafasi ya kuzunguka bila kugusa ule mzizi mahali pake palipo juu. Unasogea hadi ncha ya kiti, unakunja viwiko, unashusha kifua kuelekea usukani. Kifua kikibaki juu, tairi la mbele litanyanyuka na kuanza kuyumba. Ukiinuka na kusimama ukaegemea mbele mno, tairi la nyuma litakosa uzito, lizunguke bure na kuchimba udongo. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ndogo sana, na mwili wako wote unaitafuta.

Macho yameshapita kona, yanatazama njia inakotokea. Tairi la mbele linavuka mzizi kwa msukumo mmoja mfupi wa pedali. Kabla tairi la nyuma halijafika hapo unapunguza uzito kwenye kiti, kiuno kinakwenda mbele kidogo, na miguu haiachi kuzunguka, lakini haikamii. Pedali ikitaka kugonga jiwe, unairudisha nyuma nusu mzunguko na kuipeleka mbele tena. Umepita. Yote hayo yamechukua muda wa kupumua mara moja au mbili, na katika muda huo hukufikiria kazi, wala deni, wala umbali uliobaki.

Barabara haiwezi kunipa hilo. Barabarani akili inabaki huru, na akili iliyo huru kwenye mlima mrefu hufanya kazi moja tu: kuhesabu. Inahesabu kona, inahesabu dakika, inatazama kilele ambacho hakisogei. Wapo wanaopata utulivu kwa namna hiyo na nawaheshimu. Kwangu mimi nusu saa ya barabara ni ndefu kuliko nusu saa ya kijia, hata kama saa ya mkononi inasema ni sawa.

Nadhani dharau kwa kupanda imo kwenye damu ya mchezo huu. Mwaka 1976, vijana wa Kaunti ya Marin huko California walianza kushindana kushuka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, mashindano yaliyokuja kujulikana kama Repack. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, nzito, za tairi nene, na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko ule uliichemsha breki hadi grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikaungua, wakalazimika kuifungua na kuipaka grisi mpya. Kwenda juu walipakia baiskeli kwenye gari au walizisukuma kwa mikono. Nani angewalaumu? Kwa vyuma vile, kupanda kulikuwa adhabu. Lakini mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wao, alikuwa tayari anatengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya milima, na gia nyingi zikawa jambo la kawaida. Tangu mwanzo kabisa waliokuwa wanashuka walitaka pia kupanda.

Leo hakuna kisingizio cha vyuma. Gia ya mbele yenye meno 32 na ya nyuma yenye meno 50, kwenye magurudumu ya inchi 29, inakusogeza kama mita moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 na kitu kwa saa, na unaweza kukaa kwenye kiti muda wote. Fremu za siku hizi zimesimamisha bomba la kiti ili mpandaji asilale nyuma, juu ya gurudumu la nyuma, kwenye mwinuko mkali. Shokamzoba ya nyuma, ambayo barabarani inabonyea bure kwa kila pedali hadi watu wanaikaza kwa swichi, kijiani inafanya kazi yake: inalibana tairi chini likivuka mawe. Upepo wa tairi ni vivyo hivyo. Tairi pana lisilo na tyubu, likijazwa upepo wa psi 22 hadi 25 kwa mtu wa uzito wa kati, linashika mizizi vizuri sana, ila hapo hapo barabarani utaona linaburuta. Kwa kifupi, baiskeli uliyoilipia ilitengenezwa kwa ajili ya kijia, kupanda na kushuka. Kuipandisha kwa lami kila siku ni kubeba uzito na matairi ya kazi ambayo hujaipa.

Hoja kubwa ya watu wa barabara ni hii: nataka miguu iwe na nguvu wakati wa kushuka. Ni hoja nzito. Kwenye mashindano ya enduro, ambayo ligi yake ya dunia ilianza mwaka 2013, vipande vinavyopimwa muda ni vya kushuka, na kupanda ni kusafiri tu kutoka kipande hadi kipande ndani ya muda uliowekwa. Mwanamichezo pale akichagua barabara, amechagua sawasawa. Lakini wengi wetu hatushindani na mtu. Na kuna kitu nimekiona tena na tena: anayepanda kwa kijia hufika juu macho yake yameshazoea kusoma ardhi. Anajua udongo wa leo umekauka kiasi gani, mawe yanateleza au hayatelezi, mikono yake imeamka. Aliyepanda barabarani hufika na miguu iliyopumzika na macho yaliyolala, na kona mbili tatu za kwanza za mteremko ndizo zinamwamsha. Mimi nitachukua macho yaliyo macho.

Zipo siku nachukua barabara bila kusita. Mvua ikiwa imenyesha na udongo umekuwa uji, kupanda kijiani ni uharibifu. Tairi la nyuma linalozunguka bure linachimba mfereji, maji ya mvua ijayo yanaufuata, na baada ya msimu mmoja kijia kimekuwa korongo. Siku ndefu pia, yenye vilima vitatu au vinne, mimi hupanda cha kwanza na cha mwisho kwa barabara. Na kama nimetoka na mtu ambaye hatujaonana muda mrefu na tuna mengi ya kuongea, barabara ndiyo sebule yetu. Barabara yenye magari, hapana. Barabara nyembamba ya mlimani yenye kona zisizoonyesha mbele na malori yanayoshuka si mahali pa mtu anayekwenda kilomita 9 kwa saa, hata angekuwa na taa na nguo za kung'aa.

Jambo moja linanikera kweli, nalo linawahusu watu wa upande wangu. Si kila kijia ni cha kupanda. Kijia cha kupanda kinafuata ubavu wa mlima, kona zake ni pana na zimelazwa, mwinuko wake unapanda taratibu. Wajenzi wa vijia wanaofuata mwongozo wa IMBA, shirika la kimataifa la waendesha baiskeli za milimani lililoanzishwa mwaka 1988, hujaribu kuweka wastani wa asilimia 10 au chini yake, na mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe, maji yasije yakakigeuza mto. Kijia cha kushuka kinajitambulisha: kina matuta ya kurukia, kona zilizoinuliwa kingo, sehemu zinazodondoka moja kwa moja. Kupanda humo ni kuweka kichwa chako mbele ya mtu anayekuja kwa kasi na hakuoni. Kanuni ya kawaida inasema anayeshuka ampishe anayepanda, na ni kanuni nzuri, kwa sababu aliyesimama kwenye mwinuko kuanza tena ni shida. Lakini hailindi mtu aliyepanda kwenye kijia kilichowekewa alama ya kushuka tu. Hapo mwenye kosa ni yeye. Kama mlima hauna kijia cha kupanda, nenda barabarani, usibishane.

Pale zinapokuwepo njia zote mbili, na miguu haijakaa sawa, changanya. Barabara nyingi za msituni hukutana na kijia mahali fulani katikati ya mlima. Panda nusu ya chini kwa barabara, mwili upate joto polepole, kunywa maji, kula kidogo, maana kijiani mkono hauachi usukani kirahisi. Nusu ya juu ingia kijiani. Kufanya kinyume chake, kuanza na mawe mwili ukiwa baridi, ndiko kunakowavunja watu moyo asubuhi na mapema.

Na wageni wa mchezo? Kila mtu anasema wapelekwe barabarani kwanza kwa sababu ni rahisi. Sikubaliani. Mgeni anayeanza na kilomita 5 za barabara ya jua kali anajifunza kwamba kupanda ni kuvumilia, na mara nyingi hatakuja tena. Mpeleke kwenye kijia cha mwinuko wa upole. Mwambie mapema kwamba kushuka na kusukuma baiskeli kunaruhusiwa, na wewe uwe wa kwanza kushuka na kusukuma, asione aibu. Mkikuta mzizi au jiwe lililomshinda, simameni hapo hapo. Rudini mita chache chini, mwonyeshe pa kupitisha tairi la mbele na wakati wa kusogeza kiuno, ajaribu tena na tena. Siku atakayolivuka, atakuuliza mwenyewe ni lini mnarudi.