Eti Beringi za Siku Hizi Hazidumu!

Nimechoka. Kila kijiwe cha bodaboda ni wimbo uleule: "Beringi za siku hizi mbovu, Mchina anatumaliza." Mchina gani, jamani? Beringi, yaani pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati ili tairi lizunguke, imeingizwa kwa nyundo ya kuvunjia kokoto, bushi ya kati (bomba dogo linalotenganisha beringi mbili) imesahauliwa chini ya benchi, sili (raba ya kuzuia maji na vumbi) imechanika tangu masika ya mwaka juzi, halafu wa kulaumiwa yuko Guangzhou amelala zake! Beringi nyingi za tairi la pikipiki zinauawa siku ileile zinapofungwa, na muuaji analipwa hela ya ufundi.

Basi fanya mwenyewe nyumbani, ukose wa kumlaumu. Kwanza uhakikishe ndizo zenye ugonjwa. Weka stendi kubwa, shika tairi juu na chini, sukuma mkono mmoja huku unavuta kwa mwingine. Likigonga, lina pleyi, yaani limelegea. Kwa tairi la mbele, mtu mwingine azishike shokapu kwa nguvu, maana beringi za usukani nazo hugonga hivyohivyo, na wapo waliobadilisha za tairi mara mbili kumbe ubovu uko shingoni. Ukishalivua tairi, tia kidole kwenye pete ya ndani uzungushe. Nzima inateleza kimya. Iliyokufa inakwaruza kama mchele wenye mawe.

Sasa dukani. Mtu anatoka Mbagala mpaka Kariakoo, anafika kaunta anasema, "Nipe beringi ya pikipiki." Muuzaji naye hana hiyana, anampa inayokaribia! Namba imechongwa kwenye beringi yenyewe, ifute grisi uisome. 6201 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 32, unene 10. 6202 ni 15, 35, 11. 6301 ni 12, 37, 12. 6302 ni 15, 42, 13. Tazama 6201 na 6301: tundu ni moja, ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) inapita zote bila ubishi, lakini kwa nje zimepishana milimita tano nzima. Ndiyo maana hatununui kwa kujaribu ekseli. Halafu soma herufi: 2RS ina raba pande zote mbili, ZZ ina bati. Bati linazuia vumbi kiasi, maji haliyazuii, na sisi barabara zetu mvua ikinyesha ni mito. Chukua 2RS. Nunua zote za gurudumu hilo kwa pamoja, na sili mpya juu yake. Gurudumu la nyuma kwenye pikipiki nyingi lina tatu: mbili kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya tatu kwenye kibebeo cha sproketi, lile gurudumu la meno la cheni. Hiyo ya tatu ndiyo yatima, hakuna anayeikumbuka mpaka cheni ianze kuruka.

Kutoa: legeza nati ya ekseli tairi likiwa bado chini, kisha ndiyo upandishe stendi. Piga picha kwa simu bushi za pembeni zimekaaje, kushoto na kulia hazilingani urefu. Chokoa sili kwa bisibisi bapa. Ukiona klipu ya chuma mbele ya beringi, itoe kwanza, wapo wanaopiga beringi nusu saa na klipu imeishikilia, wanasema "hii imeng'ang'ania kweli." Ndani kati ya beringi mbili kuna bushi ndefu. Isukume pembeni kidogo kwa bisibisi mpaka ukingo wa pete ya ndani ya upande wa pili uonekane, tia chuma cha kupigia hapo, gonga. Sogea upande wa pili wa pete, gonga. Huku na huku, ili itoke imenyooka. Ikigoma, mwagia habu maji yanayochemka: aluminiamu inatanuka kuliko chuma cha beringi, na itaachia. Moto wa gesi usiulete, kuna tairi hapo na kuna grisi.

Iliyotoka hivyo usiirudishe hata ikionekana nzuri. Umeigonga pete ya ndani, pigo limepita kwenye gololi na kuziachia pete vidonda. Itavuma ndani ya wiki.

Mpya zilaze kwenye friza usiku kucha, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kama bado unao uliouficha tangu katazo la 2019. Mwenye jiko atalalamika kukuta chuma katikati ya dagaa. Mwache alalamike. Habu nayo iache kwenye jua la saa saba mchana, jua la Dar halina bili. Safisha kiti cha beringi, lile tundu la habu inamokaa, paka grisi nyembamba, kisha anza na upande ambao beringi inakaa mpaka mwisho kwenye ukingo wake.

Na hapa ndipo damu inaponichemka: unapoingiza, unagonga PETE YA NJE peke yake! Tafuta soketi kubwa inayolingana na pete hiyo, au tumia beringi ya zamani kama kigongeo. Mlio wa nyundo ukibadilika, ukawa mzito, imefika, acha. Kisha bushi ndefu. Kisha beringi ya pili, taratibu, mpaka iiguse bushi, isiibane. Ukikaza zaidi, pete za ndani zinasukumwa pembeni na tairi linazunguka kwa manung'uniko. Ukiisahau bushi kabisa, ndiyo msiba: nati ya ekseli inazisukuma pete za ndani zielekeane, na gololi zinasagwa kabla hujafika Ubungo.

Kuna na wale wa kopo la soda. Beringi inaingia kwenye habu kwa mkono, imelegea, fundi anakata kipande cha kopo anazungushia. "Hii bosi ni milele!" Milele ya wapi? Bati hilo linakunjika, beringi inakaa upande, na tundu linazidi kuliwa. Habu iliyolika hupelekwa kwa mkereza vyuma aiwekee bushi, au unabadilisha habu. Anayepiga nukta kwa panchi, chuma chenye ncha, kuzunguka kiti ili beringi ikaze, naye ni wa ukoo huohuo.

Kurudisha si kazi. Sili mpya igongwe taratibu, mdomo wake upakwe grisi. Gia ya spidomita ina masikio, yaingie kwenye nafasi zake kabla hujakaza, la sivyo unayavunja. Nyuma, linganisha alama za kukazia cheni pande zote mbili, cheni icheze sentimita 2 hadi 3. Kaza nati, rudisha pini ya kufungia, mpya, si waya wa uzio. Zungusha tairi kwa mkono: lizunguke kwa uhuru, bila mlio. Na ukipeleka pikipiki kuoshwa, mwambie kijana wa mashine ya maji asielekeze mdomo wa bomba kwenye sili.

Mwenye breki ya sahani, kabla ya kuwasha, bonyeza mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu. Pedi zilisukumwa nyuma ulipotoa tairi, na bonyezo la kwanza huenda mpaka kwenye mshikio bila kushika kitu. Wapo wanaoligundua hilo wakiwa nyuma ya daladala.