Mlango wako, ufunguo wa fundi

Juzi Jumamosi shangazi yangu kanipigia saa moja asubuhi, na yeye si mtu wa kupiga simu saa hizo, saa hizo huwa anahesabu mashuka. Ana nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, vyumba sita, Mji Mkongwe, mwendo mfupi tu mpaka ufukweni. Akaniambia mwanangu hebu fungua websaiti yetu uone. Nikafungua. Picha za vyumba hamna, ule mlango wa nakshi ambao kila mgeni lazima apige nao picha haupo, kumebaki ukurasa mweupe na maandishi ya Kiingereza kwamba jina hili linauzwa. Linauzwa! Jina la marehemu bibi yangu, maana nyumba tuliiita kwa jina lake, limetandikwa mtandaoni kama mtumba.

Nimekasirika mpaka leo kwa hiyo mnivumilie.

Kijana wa websaiti alikuja miaka minne iliyopita kutoka Dar, mpole, shikamoo mama kila dakika, akala wali wa samaki pale barazani, akapiga mapicha yake, akalipwa laki sita. Na kila mwaka anatumiwa laki na nusu "ya kulipia kila kitu". Hicho "kila kitu" ndani yake mna nini hakuna aliyeuliza, na mimi ninayejifanya mjuaji kwenye familia sikuuliza vilevile. Mwaka huu laini yake haipatikani, WhatsApp tiki moja. Sijui kaumwa, sijui kaajiriwa kahama nchi, simtuhumu wizi. Ila tulipochimba tukakuta domeni, yaani lile jina la anwani ya websaiti, ilisajiliwa kwa jina lake yeye, kwa imeili yake, kwenye akaunti yake. Zile imeili za kukumbusha kwamba muda wa jina unakwisha zote zimekwenda kwake, na yeye ndo huyo hapatikani.

Watu wengi wanadhani domeni ukishainunua basi imekuwa yako kama kiwanja. Hainunuliwi bwana, inapangishwa, unalipia mwaka mwaka au miaka kadhaa kwa mpigo, ukichelewa inaondoka. Hizi za .com kama yetu ukipitisha tarehe kampuni uliyojisajili kwao huwa wanakuvutia subira kidogo, halafu zinakuja siku 30 za kukomboa ambapo unatozwa na faini juu, faini ya kuuma kweli, halafu siku 5 za mwisho ambazo hata ulie damu hawakurudishii, baada ya hapo anayewahi anachukua. Na kuna jamaa kazi yao ni kusubiri majina ya watu yadondoke tu.

Shangazi kasikia "kukomboa" akapata nguvu. Kaja na bahasha yake ya plastiki, leseni ya biashara imo, TIN imo, cheti cha BRELA, wale wanaosajili biashara, kimo, mpaka risiti za ushuru wa halmashauri. Tukakaa mbele ya kompyuta, kule upande wa pili Marekani, kwenye kampuni iliyosajili jina, anajibu roboti, anauliza imeili ya mwenye akaunti ni ipi. Shangazi ananiambia mwambie mwenyewe niko hapa! Nimwambie nani? Roboti haijui BRELA wala haijui shangazi. Kwao wao mwenye jina ni mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni kijana wa shikamoo mama.

Kilichoniuma zaidi ni imeili. Anwani ya kupokelea booking ilikuwa juu ya jina lilelile, kwa hiyo jina lilipokufa na imeili ikafa, kila aliyeandika kaulizia chumba ujumbe ukamrudia. Wiki mbili nzima shangazi anasema msimu mbaya mwaka huu, na hapo tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, linakaribia, vyumba Bagamoyo vinatafutwa kwa tochi! Msimu haukuwa na ubaya wowote, watu walikuwa wanagonga mlango ambao haupo.

Sasa hebu fikiria seremala. Umempa mti, umempa hela, kakuchongea mlango mzuri wenye misumari ya shaba, siku ya kukabidhi anakwambia mama mlango ni huu, ufunguo nitakaa nao mimi, ukitaka kuingia unipigie. Si utamfukuza na randa yake? Lakini wa websaiti tunamwambia "wewe shughulikia tu baba, mimi mambo hayo siyajui", na tunaona tumemheshimu.

Haya, na nyie mafundi najua mtanijia juu. Nakubali, kwa shingo upande, wateja tunasumbua. Nitakutumia Ijumaa, Ijumaa inafika miezi mitatu, na fundi mkononi hana kingine cha kutubana nacho ila pasiwedi. Hujalipwa, simamisha kazi, hata usikabidhi websaiti uliyoitengeneza, hiyo jasho lako. Jina la bibi yangu si jasho lako.

Kwa hiyo domeni sajili mwenyewe, akaunti ya kwako, imeili ambayo haiko juu ya jina hilohilo, namba ya simu ya kwako maana siku hizi zile namba za siri za kuingilia zinakuja kwa simu. Kadi ya benki huna? Chukua .co.tz, mawakala wa hapahapa wapo, unalipa kwa simu na mnaelewana Kiswahili. Fundi mpe njia ya kuingia afanye kazi yake, akimaliza unaifunga. Dakika ishirini haziishi. Kama tayari iko kwake na mnaelewana, leo leo muombe ule msimbo wa siri (code) wa kuhamishia domeni, msingoje mgombane.

Mengine mtayaona wenyewe. Kuna rafiki yangu Tanga kwa miaka miwili anajisifu yeye ndo admini, yaani msimamizi mkuu, wa WordPress yake, ule mfumo wa kuendeshea websaiti, siku anataka kumuongeza mfanyakazi haoni pa kubonyeza, kumbe fundi alimpa ueditor, wa kuandika na kuhariri tu, kaandika habari weee na nyumba si yake. Na namba iliyo kwenye ramani ya Google kaangalieni ni ya nani. Bakapu, ile nakala ya akiba ya websaiti, ikae kwenu.

Yetu haikurudi. Tumechukua .co.tz, kwa jina la shangazi mwenyewe, pasiwedi kaiandika kwenye daftari la mashuka na kalifungia kabatini. Ila ana boksi la bizinesi kadi karibu elfu moja zenye anwani ya zamani na kagoma kuzitupa, nimemuacha kaunta na biro, anakata .com anaandika .co.tz, moja moja, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni.