Futiboli ya Chicago, 1939: Hutchins alipatia nusu tu

Msimu wa 1939 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago ilicheza mechi 8, ikashinda 2 na kupoteza 6. Ilipata alama 37, ikafungwa 308. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo wadhamini wa chuo waliifuta kabisa, kama alivyotaka rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins. Mpaka leo wapenzi wa mchezo huo wanabishana kama ulikuwa uamuzi wa haki. Kwa maoni yangu Hutchins alipatia nusu tu, na ushahidi wa nusu aliyoikosea umo ndani ya msimu uleule.

Mechi inayotajwa kila mara ni ya Michigan, ya mwezi Oktoba: Chicago walifungwa 85–0. Harvard walishinda 61–0, Ohio State nao 61–0, Virginia 47–0, Illinois 46–0. Kwa msomaji asiyeifuata futiboli ya Kimarekani, kuuvusha mpira mstari wa mwisho kunaleta alama 6, na teke la nyongeza moja. Ni mchezo wa kugongana miili, na zama zile wachezaji waliokuwa wakishambulia ndio haohao waliorudi kulinda. Kikosi chembamba kikikutana na kipana, pumzi inakata mapema, na kuanzia hapo ni hatari ya kuumia. Michigan walikuwa na Tom Harmon, aliyetwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka uliofuata. Kocha wao, Fritz Crisler, alikuwa mhitimu wa Chicago, aliyeucheza mchezo huo palepale chini ya mzee Amos Alonzo Stagg. Kichapo hicho kilitoka kwa mtoto wa nyumbani.

Na nyumba yenyewe haikuwa ya kubezwa. Stagg aliinoa Chicago kuanzia 1892 hadi 1932, akabeba mataji 7 ya ligi inayojulikana leo kama Big Ten. Mwaka 1905 vijana wake waliifunga Michigan 2–0 na kukata mfululizo wa mechi 56 ambazo Michigan hawakuwa wamepoteza. Mwaka 1935 tu, miaka minne kabla ya maafa, Jay Berwanger wa Chicago alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo iliyokuja kuitwa Heisman.

Je, kocha aliyemrithi Stagg ndiye aliyeharibu? Hapana, na hili linathibitika vizuri. Clark Shaughnessy aliondoka Chicago akaenda Stanford, timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu mwaka 1939. Msimu wa 1940 alishinda nayo zote 10, ikiwemo ya Rose Bowl, mechi ya heshima ya kufunga msimu, dhidi ya Nebraska, 21–13. Alichokosa Chicago ni wachezaji. Ripoti ya Taasisi ya Carnegie ya mwaka 1929 ilikuwa imeshaonyesha kwamba vyuo vingi vilivyochunguzwa viliwavuta wanamichezo kwa fedha na upendeleo. Chicago chini ya Hutchins hawakutaka njia hiyo, na tangu 1931 walikuwa na utaratibu mpya wa masomo, wenye mitihani mikubwa ya jumla isiyomhurumia mtu kwa sababu anajua kukimbia na mpira.

Hapa namuunga mkono Hutchins bila kusita. Kubaki kwenye ligi ile kulimaanisha ama kuanza kununua wachezaji na kuwaita wanafunzi, ama kuwapeleka vijana wa watu wakavunjwe kila Jumamosi ili viingilio vipatikane. Chuo kinachojiheshimu hakiwezi kuchagua lolote kati ya hayo. Wapo wanaojibu kwamba Michigan walikuwa na elimu bora na timu bora kwa pamoja. Ni kweli, lakini Michigan walikuwa wamekubali gharama ambayo Chicago waliikataa.

Sasa ziangalie mechi tatu ambazo wabishi wa pande zote mbili huziruka. Ni za vyuo vidogo: Chicago walipoteza kwa Beloit 6–0, wakawafunga Wabash 12–2 na Oberlin 25–0. Alama zote 37 za msimu zilitoka hapo, na katika mechi hizo tatu walifungwa 8 tu. Alama 300 zilizobaki zilitoka kwa wale wakubwa watano, ambao Chicago hawakupata hata alama moja kwao. Kwa hiyo timu iliyofutwa kwa kuwa haifai ilikuwa inafaa kabisa, ilimradi ikutane na vyuo vyenye wanafunzi wa aina yake.

Watetezi wa Hutchins wana jibu zito. Wanasema wahitimu waliozoea mataji ya Stagg wasingetulia kumwona Oberlin kwenye uwanja mkubwa ule. Wangeshinikiza hadi biashara irudi kwa mlango wa nyuma. Shinikizo lingekuwepo, sikatai. Ila wadhamini waliothubutu kufuta mchezo mzima wangeweza pia kuthubutu kuulinda ukiwa mdogo. Harvard, walewale wa 61–0, mwaka 1945 walikubaliana na wenzao wa Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya mashariki mwa Marekani, kucheza bila ufadhili wa kimichezo, na futiboli yao ikaendelea.

Hoja nyingine, kwamba kufutwa kwa timu ndiko kulikompa mwanafizikia Enrico Fermi mahali pa kuanzishia tanuri la kwanza la nyuklia tarehe 2 Desemba 1942, haina uzito huo. Tanuri lilijengwa kwenye chumba cha mchezo wa raketi, chini ya jukwaa la magharibi la Stagg Field, uwanja wa Chicago. Nyasi za kuchezea futiboli halikuzigusa.

Mwaka 1969 Chicago walirudi uwanjani kama timu rasmi ya chuo, kwa kiwango kidogo, na leo wanacheza Divisheni ya 3, daraja la michezo ya vyuo ambako ufadhili wa kimichezo hauruhusiwi. Ndiyo futiboli ambayo Wabash na Oberlin walikuwa tayari kuicheza nao tangu 1939. Kwa karibu miaka 30 katikati, wanafunzi wa Chicago ambao hawakuwahi kudai senti ya mtu walinyimwa mchezo kwa kosa la biashara ambayo chuo chao hakikuifanya.